Mpishi Aliyepewa Redio

Filamu ilipofika mahali ambapo mume wake alipaswa kufa, Mama Chiriku alishikwa na kicheko. Hakutaka kucheka. Alikuwa ameketishwa safu ya mbele kabisa, pamoja na wajane na wazazi wengine wa askari waliouawa vitani kule kilimani, kila mmoja na ua la plastiki kifuani, na nyuma yao ukumbi mzima wa sinema ulikuwa unavuta makamasi. Lakini pale mbele kijana mmoja mrefu, mwenye kifua cha mcheza mieleka na meno yaliyopangika, alikuwa amekumbatia redio ya mawasiliano huku damu ikimtoka ubavuni, anahutubia.

"Hapa ni Redio," alisema yule kijana kwa sauti nzito isiyo na mkwaruzo. "Mwambieni baba yangu sikugeuka nyuma. Mwambieni kila kijana wa nchi hii kwamba kilima ni chetu, na sisi tuliomo juu yake hatushuki ila kwa kubebwa."

Mama Chiriku aliuma ncha ya mtandio wake. Mume wake alikuwa mpishi. Hakuwahi kushika redio ya jeshi hata kuipangusa vumbi. Redio lilikuwa jina la utani, na aliyempa alimpa kwa mzaha, kwa sababu alikuwa na kigugumizi kizito. Akianza kusema alikwaruza na kukatika kama redio inayotafuta stesheni. Mwenyewe ndiye aliyemsimulia mkewe likizo moja, amekaa ukingoni mwa kitanda, anacheka mpaka machozi: "Wa-wa-wameniita Re-re-redio." Watu wa filamu walilikuta jina hilo mahali, wakaona hawana haja ya kuuliza zaidi. Mtu anaitwa Redio, basi mpe redio. Wakampa na hotuba.

Kushoto kwake baba mkwe alikuwa analia. Mzee huyu alikuwa mkalimani wa mahakama mpaka alipostaafu, na mtaani hadi leo aliitwa Mkalimani. Hakuwa mtu wa machozi. Siku ya mazishi alisimama mkavu kama nguzo ya umeme, akisahihisha matamshi ya mchungaji. Sasa mabega yalikuwa yanamtikisika, na mkono wake ulikuwa unapapasa giza kutafuta wa mtu wa kushika. Mama Chiriku aliusogeza wake kando.

Na hakuwa amekaa kuitafutia filamu ubaya. Mwanzo wake ulimshika. Kulikuwa na sehemu askari wamelala wameketi, migongo imeegemeana, mmoja anakwangua tope kwenye soli ya buti kwa mpini wa kijiko, hakuna anayesema lolote, na sehemu hiyo aliiamini kabisa. Mabomu nayo yalilia mpaka viti vikatetemeka. Hilo ndilo lililomuudhi zaidi. Watu hawa walihangaika mpaka wakapata tope lenyewe la kule, na rangi ya kamba za viatu, na mtu aliyekuwemo ndani ya viatu hawakumuulizia kwa yeyote.

Taa zilipowashwa, mwongozaji wa filamu, kijana mwenye miwani ya fremu nyekundu, alipita akiwapa wafiwa mkono. Mama Chiriku aliukamata wa kwake, hakuuachia.

"Mume wangu alikuwa mpishi," alimwambia.

"Pole sana, mama. Tunajua kila askari alikuwa na majukumu mengi."

"Hakuwa na majukumu mengi. Alikuwa anapika. Na alikuwa na kigugumizi. Hotuba ile angeianza leo, tungetoka hapa keshokutwa."

Mwongozaji alitabasamu kwa upole, lile tabasamu la daktari anayemsikiliza mgonjwa aliyejipima mwenyewe. "Mama, filamu si ushahidi wa mahakamani. Tunachukua ukweli wa watu wengi tunauweka ndani ya mtu mmoja. Na umeona mwenyewe watu walivyolia."

"Hata kitunguu kinaliza."

"Nyamaza wewe!" Mkalimani aliwaingilia, macho bado mekundu. Aliuchukua mkono wa mwongozaji akaubana kwa mikono yake yote miwili. "Asante, mwanangu. Umenirudishia mtoto. Umenirudishia amekamilika."

Neno hilo la mwisho Mama Chiriku alitoka nalo ukumbini kama mtu aliyepigwa kofi mbele za watu.

*

Kesho yake mzee aliishusha ukutani picha ya mwanawe, ile ya pasipoti iliyokuzwa mpaka sura ikafifia, akatundika bango la filamu. Sasa sebuleni alikuwa anatazama chini yule kijana wa meno, na redio yake, na moto nyuma yake. Picha ya pasipoti ilienda juu ya kabati, kifudifudi.

"Ile haionekani vizuri," mzee alisema alipoulizwa. "Mtoto anahitaji kumwona baba yake vizuri."

Mtoto ndiye Chiriku. Jina hilo alipewa na baba yake angali mchanga, kwa kumwombea, ili awe na maneno mengi kama ndege huyo. Maneno alikuwa nayo, ila yalimtoka kwa kusukumana mlangoni, kama yalivyomtoka aliyempa jina. Mama yake hakuwahi kutishika. Alishaishi na mwanamume wa namna hiyo, akajua kuwa dawa ni kukaa kimya na kungoja, bila kumtazama mdomo na bila kumsaidia neno. Mzee naye, kabla ya filamu, alikuwa hana neno na mjukuu. Alimwona mtoto wa kike, mdogo, akawa anamwachia mama yake. Lakini watu wa filamu walikuwa wameandaa mjadala wa hadhara kwenye ukumbi wa manispaa, na mzee akawaahidi kwamba siku hiyo mtoto wa Redio atasimama na kuisema hotuba ya baba yake.

Tangu hapo kila mtoto akitoka shule, sebule ilikuwa mahakama.

"Simama wima. Mikono ubavuni. Anza."

"Ha-ha-hapa ni..."

"Tema neno! Unalitafuna la nini? Tema!"

"Hapa ni Re-re-re..."

"Baba yako aliyasema haya kwa pumzi moja, na risasi iko mwilini. Wewe mwilini una nini zaidi ya chai?"

Chiriku aliliinulia macho lile bango, akalitazama kama mtu anayeangalia saa ya ukutani wakati amechelewa. Alianza tena. Shingo ilimkakamaa, kidevu kikawa kinapanda na kushuka.

"Baba, mwache mtoto apumzike," Mama Chiriku alisema kutoka mlangoni, mikono bado inanuka mvuke wa pasi. Kazi yake ilikuwa kupiga pasi kwenye duka la dobi.

"Apumzike kwa kazi gani aliyofanya?"

Alimtuma mtoto dukani makusudi, ili apate nafasi. Kisha akavuta kiti, akaketi mbele ya mzee, jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu aolewe katika nyumba ile.

"Baba, wewe unajua."

"Najua nini?"

"Unajua mwanao alikuwa anaongeaje. Aliniambia mengi, baba. Aliniambia habari ya ile kokoto uliyokuwa unamwekea chini ya ulimi. Aliniambia habari ya rula."

Mkalimani hakukana. Alikunja gazeti lake mara mbili, akalipiga pasi kwa kiganja. "Nimesimama mahakamani maisha yangu yote," alisema. "Nayatoa maneno kinywani mwa mwizi, nayaweka sikioni mwa jaji, halidondoki hata moja. Watu walikuwa wanakuja kunisikiliza hata kama hawana kesi. Halafu ninazaa mtoto hawezi kuagiza chumvi dukani. Unajua walikuwa wananicheka? Makarani, polisi, mpaka washtakiwa pingu mikononi. Leo ukumbi mzima umemsikia amesema. Wewe unataka umrudishe kule."

"Yule si yeye."

"Basi ni bora."

Alilisema waziwazi, bila haya, kisha akaonekana kushtuka kidogo kwa kulisikia. Lakini hakulirudisha. Mama Chiriku alimchukia mzee yule wakati ule, akamchukia kwa moyo wote, na kwa mara ya kwanza hakujilaumu.

"Mtoto wangu hatakwenda kwenye mjadala huo," alisema.

"Atakwenda. Na kama wewe kazi yako ni kumvunjia marehemu heshima, nyumba hii ni yangu. Katafute mlango mwingine wa kusimama useme."

*

Kazini nako hakukuwa na nafuu. Wateja waliokuwa wakimtupia nguo bila salamu sasa walimtafuta kwa macho nyuma ya mvuke wa pasi.

"Kumbe wewe ndiye mke wa Redio!" alisema mwanamke mmoja aliyeleta suti ya bosi wake. "Jamani, mumeo alikuwa na sauti! Mimi kwa sauti ile ningeolewa hata kwenye simu."

Mama Chiriku alikandamiza pasi mpaka kola ikalia. Mwenzake wa mashine ya kufulia, mwanamke mnene mwenye roho nyepesi, alimwambia asijisumbue. Kwani kuna ubaya gani? Wanaume wengine wakifa wanaacha madeni na watoto wa nje. Wa kwako ameacha hotuba. Mama Chiriku alitamani kucheka naye, akashindwa.

Siku ile ile ndipo mwalimu wa darasa la Chiriku alipokuja kuchukua koti lake. Alilipa, akalipokea, lakini hakuondoka. Aliligeuza koti huku na huku kana kwamba anatafuta doa.

"Mama, mtoto ana tatizo nyumbani?"

"Kwa nini?"

"Ameacha kusema. Si kwamba anakwama, kukwama nimemzoea na wenzake wamemzoea. Ameacha kabisa. Nikimwuliza ananyoosha kidole, au anatikisa kichwa. Nikamwuliza rafiki yake wa dawatini." Mwalimu alishusha sauti. "Anasema Chiriku alimwambia kwamba yeye huenda si mtoto wa Redio. Kwamba mtoto wa Redio angekuwa anaweza kusema."

Pasi ilikuwa imesimama juu ya shati jeupe la mtu. Mwenye duka ndiye aliyeiinua, na alama ya kahawia ilikuwa imeshabaki mgongoni. Alimfokea mbele ya mwalimu, akamwita mzembe na majina mengine, na Mama Chiriku akasema ndiyo, ndiyo, bosi, bila kusikia hata moja. Kichwani alikuwa ameshaamua. Maneno ya mama peke yake yasingelishinda lile bango. Mtoto atakwenda kwenye mjadala, na yeye atakwenda naye, ukweli usikike mbele ya wote.

*

Ukumbi wa manispaa ulijaa wanafunzi waliovalia sare, wafiwa, na safu mbili za askari wa kikosi kilichopigana kilimani, wengi wao wamekwishaachishwa jeshi, wamekaa nyuma karibu na mlango. Jukwaani alikuwa mwongozaji na miwani yake. Nyuma yake lile bango lilikuwa limekuzwa mpaka kila jino la mwigizaji lilikuwa na ukubwa wa kitabu. Watu walisimama mmoja mmoja wakaisifu filamu: imetupa moyo, imewapa vijana mfano, mabomu yake hayana tofauti na ya filamu za nje. Mwongozaji alikuwa anashukuru kwa kuinamisha kichwa.

"Na sasa," alisema mshereheshaji, "damu ya Redio mwenyewe!"

Chiriku alipanda, gauni lake limepigwa pasi na mama yake mpaka linasimama peke yake. Kipaza sauti kilishushwa. Alifungua mdomo.

"Ha."

Ukumbi ulingoja.

"Ha. Ha."

Mwanafunzi mmoja aliguna, mwingine akacheka, kicheko kikatambaa safu kwa safu. Mkalimani, mbele kabisa, aliinuka nusu kwenye kiti akazomea kwa kunong'ona kulikosikika kila pembe: "Tema! Tema neno, unaniaibisha!" Mtoto aligeuza kichwa, akalitazama bango, kisha akafumba mdomo taratibu kama mtu anayefunga duka.

Mama Chiriku hakukumbuka baadaye alipandaje zile ngazi. Alijikuta amemshika mtoto bega, na kipaza sauti kipo mdomoni.

"Mimi ni mke wa Redio," alisema. "Mmeitana hapa mseme kama filamu ni nzuri, nami nitasema. Tope ni zuri. Askari wanaolala wameketi, wazuri sana, niliwalilia. Huyu," akaonyesha bango kwa kidole gumba bila kugeuka, "huyu simjui. Hajawahi kuingia nyumbani kwangu."

"Mama," mwongozaji alianza, "tulishaongea kwamba sanaa..."

"Ngoja, mwanangu, ulishaongea muda wa saa nzima na nusu, na mabomu. Mume wangu alikuwa mpishi wa kikosi. Aliitwa Redio kwa sababu ya kigugumizi. Ninyi mkasikia Redio, mkampa redio. Angeitwa Tembo mngemtafutia mkonga."

Wachache walicheka. Mkalimani alikuwa amesimama wima sasa. "Muongo!" alisema kwa ile sauti yake ya mahakamani. "Mwanangu hakuwa na kigugumizi. Mimi ndimi baba yake. Mteremsheni huyo!"

Mshereheshaji alinyoosha mkono kukidai kipaza sauti. Ndipo Mama Chiriku akafanya jambo ambalo hakuwahi kumfanyia mumewe akiwa hai, si kwa utani, si kwa ugomvi. Alimwigiza. Alifumba jicho moja, akaanza kujigonga paja kwa vidole viwili, kama alivyokuwa anagonga yeye kulibembeleza neno litoke.

"Cha-cha-cha... chai i-i-i... chai i-i-ko ta-ta-ta-ta..."

Wanafunzi waliinamisha vichwa kwa aibu. Halafu kule nyuma, mlangoni, mtu alipasuka kicheko, kicheko kikubwa cha mtu aliyekutana na rafiki barabarani.

"Ndiye!" alipiga kelele. "Ndiye mwenyewe huyo! Chai ilikuwa inapoa tunamngoja atutangazie kuwa iko tayari!"

Sasa safu zote mbili za askari zilikuwa zinacheka, wengine wanapiga magoti yao, mmoja amefunika uso kwa kofia. Yule aliyeanza alikuja mbele akichechemea kwa gongo la chuma. Alikuwa dereva wa lori la maji la kikosi. Wakati wa mazishi alikuwa bado hospitali, na waliolisindikiza jeneza walikuwa maofisa ambao hawakuwahi kukaa jikoni.

"Hakuhutubia, mwongozaji," dereva alisema, kicheko kimekwisha. "Alitoka na sufuria la chai kutuletea mahandakini, kwa sababu usiku ule kulikuwa na baridi na sisi tulikuwa tumelalamika. Bomu lilimkuta njiani na sufuria lake. Sikumsikia akisema lolote."

Mwongozaji alivua miwani akaifuta, akaivaa, akaifuta tena. Chiriku alikuwa anamtazama dereva bila kupepesa.

"A-a-a-alikuwa ana-anakwama?" aliuliza. Kipaza sauti kililibeba swali lake lote, na kukwama kwake kote, mpaka mlangoni.

"Kukwama? Binti, wewe unajikwaa tu. Baba yako alikuwa lori kwenye matope. Na jina lako ndilo lilikuwa linatumaliza. Chi-chi-chi-chi! Siku za kwanza tulidhani anaita kuku."

Chiriku alicheka. Alicheka kwa sauti, mikono tumboni. Mama yake alilia hapo hapo jukwaani, na hakujali nani anamwona.

*

Mkalimani alikuwa anawangoja nje, kwenye ngazi za ukumbi, kofia mkononi. Watu walimpita kwa mbali kidogo.

"Umemvua nguo mwanangu mbele ya watu," alimwambia Mama Chiriku. "Kesho uhamishe vitu vyako."

"Nitahama, baba. Na ile picha ya juu ya kabati naondoka nayo."

Alitaka kuongeza mengine, na alikuwa nayo ya kutosha, lakini dereva alikuwa anateremka ngazi, gongo lake linagonga saruji, Chiriku ubavuni mwake anamsimulia kitu kirefu kinachokatika kila mahali, na dereva anangoja. Mzee alimzuia njia. Alimtazama yule askari kutoka kofia hadi gongo, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mahakamani.

"Mlikuwa mnazungumza naye huko?"

"Sana, mzee. Jikoni ndiko kwenye joto."

"Alimtaja mtoto."

"Kila siku."

"Na mkewe."

"Mpaka tukamwonea wivu."

Mkalimani aliigeuza kofia mikononi, akaizungusha ukingo wote. "Na mimi?" aliuliza. "Alinisema vipi?"

Dereva alimtazama Mama Chiriku kama anayeomba ruhusa, na Mama Chiriku hakumpa wala hakumnyima.

"Alikuwa anataka kukusema, mzee," alisema mwishowe. "Ila neno lile, 'baba', halikuwahi kumtoka. Alifumba jicho, akagonga paja, akagonga weee, mwisho anaacha, anakwenda kuchochea moto. Na sisi tulikuwa hatumlazimishi."